Nani aliiua Pontiac, na lini?

Tarehe 27 Aprili 2009, kampuni ya General Motors ilitangaza kwamba chapa yake ya magari ya Pontiac itafutwa. Wakati huo GM ilikuwa inaishi kwa fedha za serikali ya Marekani, na tarehe 1 Juni ikaenda mahakamani New York kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Chapa nyingine ya Marekani, Plymouth, ilikuwa imeshaondoka 2001 na Oldsmobile 2004. Mercury ingefuata mwanzoni mwa 2011. Zote zina watu wanaozililia, lakini hakuna inayoliliwa kama Pontiac, na zaidi ya miaka kumi na tano haijakipunguza kilio hicho.

Wanaolia wana shtaka, na wanalitaja bila kuficha: wahasibu wa Detroit, makao ya viwanda vya magari vya Marekani, wakishirikiana na wanasiasa wa Washington waliua chapa iliyokuwa na roho, wakaziacha zisizo nayo. Upande wa pili hujibu kwamba kampuni iliyofilisika haiwezi kulipa mishahara kwa mapenzi ya watu. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu. Moyo wangu uko kwa wanaolia. Hata hivyo naona wamekosea tarehe ya kifo, na kosa hilo si dogo, kwa sababu ukikosea tarehe humwoni muuaji.

Pontiac ilianza 1926 kama mdogo wa bei nafuu wa chapa iliyoitwa Oakland, na baada ya miaka mitano mdogo akabaki peke yake. Hadi miaka ya 1950 ilijulikana kwa magari imara ya wazee watulivu. Mwaka 1956 uongozi ukakabidhiwa Bunkie Knudsen, aliyekuwa na umri wa miaka 43. Akawaleta wahandisi Pete Estes na John DeLorean, akapanua nafasi kati ya matairi ya kushoto na ya kulia, akapeleka magari kwenye mashindano. Kisha Januari 1963 wakuu wa GM wakapiga marufuku vitengo vyake vyote kushiriki mbio. Kwa Pontiac, iliyojenga jina lake uwanjani, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa duka.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu, pamoja na wenzake Bill Collins na Russell Gee, waligundua kwamba injini ya gari kubwa la Pontiac, V8 (yaani ya silinda nane) ya lita 6.4, inaingia bila shida kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati. Kanuni za GM zilikataza: injini ya gari la ukubwa huo isizidi takribani lita 5.4. Lakini kanuni ilihusu magari mapya yanayohitaji idhini. Wao hawakuomba idhini ya gari jipya. Waliiweka injini hiyo kwenye orodha ya nyongeza ambazo mteja wa Tempest LeMans angeweza kuagiza, wakaiita GTO, jina walilolichukua kwa Ferrari bila haya. Walitarajia kuuza 5,000. Mwaka wa kwanza, 1964, waliuza 32,450, na kufikia 1966 mauzo ya mwaka yalikaribia 97,000. Detroit nzima ikaanza kuiga.

Anayetaka kuelewa kilio cha leo aanzie hapo. GTO ilikuwa na kasi, lakini uzito wake ni kwamba ilitengenezwa na watu waliokuwa na injini yao wenyewe, iliyobuniwa na wahandisi wao wenyewe, na ujasiri wa kumzunguka bosi. Siku hizo Chevrolet, Oldsmobile, Buick na Cadillac kila moja ilikuwa na V8 yake. Nembo ilikuwa na kitu cha kweli nyuma yake.

Sasa tuwasikilize waliofunga mlango, maana hoja zao si za watu wajinga. Mwaka 1968 Pontiac iliuza zaidi ya magari 900,000. Mwaka 2008 iliuza takribani 267,000, na mengi kati ya hayo yalikuwa G6, gari la kawaida ambalo halikumfurahisha mtu. GM ilikuwa na chapa nane Marekani, kila moja ikidai matangazo yake, maonyesho yake na mifano yake mipya, wakati soko zima la nchi lilikuwa linaporomoka kutoka magari zaidi ya milioni 16 mwaka 2007 hadi kama milioni 10.4 mwaka 2009. Mpango wa kampuni wa Februari 2009 ulitaka kuibakiza Pontiac kama chapa ndogo yenye magari machache. Tarehe 30 Machi serikali ya Obama ikaukataa mpango mzima kwamba hautoshi, na mkuu wa kampuni, Rick Wagoner, akaondoka. Serikali iliyotoa karibu dola bilioni 50 na kuchukua asilimia 60 ya hisa ilikuwa na haki ya kuuliza kila chapa inaleta nini.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa magari hawalizungumzii vya kutosha. Kuua chapa Marekani ni ghali, kwa sababu sheria za majimbo zinawalinda mawakala wanaouza magari. Kuifunga Oldsmobile kuliigharimu GM zaidi ya dola bilioni moja. Uamuzi wa namna hiyo ungesumbua sana katika nyakati za kawaida. Ufilisi ulifungua dirisha fupi ambamo mikataba ya mawakala ingeweza kuvunjwa, na kwa jicho la hesabu, kutolitumia kungekuwa uzembe.

Swali linalowauma wengi ni hili: kwa nini Buick ikaachwa, chapa ambayo kwa Wamarekani ilikuwa gari la babu? Jibu liko Shanghai. GM ilianza kuunda Buick huko mwishoni mwa miaka ya 1990, jina ambalo Wachina walilijua tangu kabla ya mapinduzi ya 1949 kama gari la wakubwa. Mwaka ule ule wa 2009 Buick iliuza zaidi ya magari 400,000 China, huku Marekani ikiuza kama 100,000 tu. Pontiac haikuwa na China yake. Ilikuwa na Marekani, Kanada na kumbukumbu. Kwa hoja hii sina jibu, na sijakutana na mpenzi wa Pontiac mwenye jibu.

Lakini waombolezaji wana ushahidi wao, na ulio mzito kuliko wote unaitwa G8. Mwaka 2008 GM ilichukua Commodore, gari la kampuni ya Holden ya Australia, likaletwa Marekani kwa nembo ya Pontiac. Lilikuwa na milango minne, nguvu kwenye matairi ya nyuma, na toleo la juu lilikuwa na V8 ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 415. Baada ya miaka mingi ya magari yaliyokopwa kutoka chapa nyingine, hili lilikuwa gari ambalo jina hilo lilistahili. Yaliuzwa kama 38,000 katika kipindi kisichofika miaka miwili, katikati ya mgogoro mbaya wa uchumi, huku nusu ya kipindi hicho kila mnunuzi akijua kwamba chapa imehukumiwa.

Kisha ukaja mfano ambao ni nadra kuupata katika biashara. Mwishoni mwa 2013 GM ilirudisha Marekani kizazi kilichofuata cha gari hilohilo la Australia, safari hii kwa nembo ya Chevrolet SS. Magazeti ya magari yalilisifu. Mpaka linaondoka 2017, yalikuwa yameuzwa takribani 13,000 tu. Wapenzi wa Pontiac husema kesi imekwisha: gari ni lile lile, nembo tofauti, na mauzo theluthi moja.

Ningependa kukubali haraka, lakini mezani kuna bei. G8 ya kawaida, yenye silinda sita, ilianzia chini ya dola 30,000. SS iliuzwa kwa V8 peke yake, kwa dola kama 45,000, na GM haikulitangaza kwa juhudi yoyote ya kuonekana. Sehemu ya tofauti ile ni bei, si nembo. Hata hivyo haielezi yote. Mtu aliyeingia kwa wakala wa Chevrolet kutafuta gari la mizigo hakuwa mteja wa SS, wakati mtu aliyeingia kwa Pontiac alikuwa tayari anatafuta kitu cha kumsisimua. Chapa inakusanya watu wa aina moja mahali pamoja. Thamani hiyo ilikuwepo 2009, na sioni kwamba jopo la serikali lililosimamia uokoaji wa GM liliipima.

Kwa hiyo kuna kitu kilichokufa. Narudi kwenye tarehe.

Sheria ya hewa safi ya 1970, bima zilizopandishwa kwa vijana wenye magari yenye nguvu, na vikwazo vya mafuta vya 1973 viliyabana magari haya kwa chapa zote. Pontiac ilipambana kuliko wenzake: 1973 na 1974, wakati wengine wamesalimu amri, wahandisi wake walitoa injini ya Super Duty ya lita 7.5, kwa magari ambayo jumla yake haikufika 1,500. Biashara pia haikufa. Mwaka 1979 Firebird, gari lake la michezo, ilivunja rekodi ya mauzo, zaidi ya 200,000, na zaidi ya nusu yake zilikuwa Trans Am, lile gari lenye ndege mkubwa aliyechorwa kwenye boneti.

Fungua boneti hiyo. Trans Am nyingi za 1979 zina injini ya lita 6.6 iliyotengenezwa na Oldsmobile. Pontiac ilikuwa na lita 6.6 yake, lakini mwaka huo ilibaki chache, kwa wenye gia za mkono. Wakusanyaji wa leo hutambua kwa maandishi ya pembeni mwa tundu la hewa lililo juu ya boneti: "T/A 6.6" ni ya Pontiac, "6.6 LITRE" mara nyingi ni ya Oldsmobile, na bei hutofautiana kwa sababu hiyo. Miaka miwili nyuma, 1977, wanunuzi wa Oldsmobile walikuwa wamegundua injini za Chevrolet ndani ya magari yao wakaipeleka GM mahakamani, nayo ikalazimika kuwalipa. Mwaka 1981 V8 ya mwisho ya Pontiac ikatoka kiwandani. Mwaka 1984 GM ikavunja mfumo wa vitengo vyenye wahandisi wao, na Pontiac ikaingizwa kundi moja na Chevrolet.

Hiyo kwangu ndiyo tarehe: kati ya 1977 na 1984. Na muuaji hakuwa Obama wala mgogoro wa benki. Alikuwa uamuzi wa ndani, uliookoa fedha kila mwaka ulipochukuliwa.

Najua pingamizi. Wanunuzi wa 1979 hawakujali injini ni ya nani, walinunua ndege na jina, kwa hiyo huenda roho haikuwa kwenye chuma. Ni pingamizi la kweli kwa mwaka mmoja au mitano. Baada ya miaka ishirini, jina lisilolishwa na kitu chake lenyewe hubaki kibandiko. Mfano uliopita mikononi mwa Waswahili ni Pontiac Vibe. Iliundwa Fremont, California, katika kiwanda cha ubia wa GM na Toyota, juu ya msingi wa Corolla, na injini yake ya kawaida ni 1ZZ, ile ile ambayo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua kwenye Premio, Allion na Wish. Ikawekwa usukani wa kulia na nembo ya Toyota, ikauzwa Japani kwa jina la Voltz, na zilizotumika zikashushwa bandarini kwetu. Ni gari zuri, linalodumu. Pontiac ndani yake hakuna, na ndiyo maana iliwezekana kubadilisha nembo bila mtu kuona pengo.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na dalili kwamba ugonjwa unatibika. Fiero ya 1984, yenye viti viwili na injini nyuma ya dereva, ilipitishwa kwa wakuu kama gari dogo la kubana mafuta, kwa kuwa fedha za gari la michezo zisingetolewa. Ikatengenezwa kwa vipuri vya magari mengine, baadhi ya injini zikashika moto, sifa ikaharibika. Mwaka 1988 hatimaye ikapewa saspensheni yake yenyewe na kuwa gari lililokusudiwa. Mwaka huohuo ikafutwa. G8 nayo ilikatwa siku ilipoanza kueleweka. Hapa waombolezaji wana haki kamili ya hasira: mara mbili GM ilimaliza kurekebisha gari, kisha ikalitupa.

Kuna pia walioombolezewa kidogo mno. Mji wa Pontiac, Michigan, wenye jina la chifu wa Waodawa aliyepigana na Waingereza 1763, uliwekwa chini ya msimamizi wa dharura wa fedha mwaka 2009. Kiwanda cha malori cha GM mjini humo kilifungwa Septemba. Novemba mji ukauza uwanja wake mkubwa, Silverdome, uliojengwa kwa dola milioni 55.7, kwa dola 583,000. Kwa familia za pale, mjadala wa injini ya nani si mjadala. Mapenzi ya magari yakitaka kuheshimiwa kama jambo zito, lazima yaanze kuwataja hawa pia.

Sasa wapo wanaoomba jina lirudi. GM tayari ilifanya hivyo kwa Hummer, iliyofutwa 2010 kisha ikafufuliwa kama gari la umeme chini ya GMC. Silitaki hilo kwa Pontiac. Umeme haunisumbui, na naamini DeLorean na wenzake wangeushika kwa mikono miwili kwa kasi inayotolewa na mota zake. Kinachonisumbua ni kwamba itakuja nembo ya mshale mwekundu juu ya gari la familia lililobuniwa kwa ajili ya Chevrolet, na watu wale wale wanaolia leo ndio watakaopanga foleni. Kama GM kweli ina fedha za kutumia kwa jina hilo, iwape wahandisi wachache karakana, mota ya kwao wenyewe na ruhusa ya kuizunguka kanuni moja ya kampuni, kisha isubiri kuona wanatoa nini kabla ya kuamua kiitwe Pontiac au la.