Uzio wa Buxton: Watu Huru Walilindwa au Walichungwa?

Aliyetaka shamba huko Buxton, makazi ya watu Weusi kusini-magharibi mwa Ontario, Kanada, katika miaka ya 1850, alikutana kwanza na masharti. Nyumba yake ilipaswa kuwa na urefu wa futi 24, upana wa futi 18 na kimo cha futi 12, yenye vyumba visivyopungua vinne. Ijengwe futi 33 kutoka barabarani, na mbele yake kuwe na uzio wa mbao na bustani ya maua. Biashara ya pombe ilipigwa marufuku. Shamba lenyewe, ekari 50, liliuzwa kwa dola 2.50 kwa ekari, likalipwa kwa miaka kumi pamoja na riba, na kabla miaka hiyo kumi haijaisha mwenye shamba hakuruhusiwa kumuuzia Mzungu.

Wengi wa waliokubali masharti hayo walikuwa wametoka utumwani katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Ndiyo maana historia ya tarafa ya Raleigh, ambamo Buxton ilikatiwa eneo lake, bado ina wabishani. Wapo wanaoiona kuwa jaribio bora kuliko yote ya watu Weusi kujitegemea Kanada katika karne ya 19. Wapo wanaouliza ni uhuru gani huo ambao mchungaji wa kanisa aliyeyaongoza makazi anakupimia hata umbali wa mlango wako na barabara. Mimi naegemea kwa wa kwanza, ila si kwa sababu wanazozitaja wao.

Raleigh ni nchi tambarare kati ya mto Thames wa Ontario na Ziwa Erie. Mwaka 1790 Waojibwa, Waodawa, Wapotawatomi na Wahuron waliweka saini mkataba ulioipa Dola ya Uingereza eneo kubwa la kusini mwa mto huo. Masimulizi ya Buxton hulipita jambo hili haraka, kana kwamba msitu ule haukuwa na wenyewe. Miaka sitini baadaye sehemu kubwa ilikuwa bado miti mikubwa na udongo mzito wa mfinyanzi uliotuamisha maji, na hakuna aliyelima hapo bila kuchimba mifereji kwanza. Kampuni iliyoitwa Elgin Association, jina la gavana mkuu wa wakati huo, ilinunua humo takriban ekari 9,000.

Aliyeliongoza jambo hilo ni William King, mchungaji wa Presbiteri mzaliwa wa Ireland. Alikuwa amefundisha shule Louisiana, akaoa huko, na kupitia familia ya mkewe akawa mmiliki wa watumwa. Kwa hiyo mtetezi mkubwa wa makazi haya alikuwa kwanza bwana wa watu. Baadaye aliwaacha huru, na Novemba 1849 akafika Raleigh akiwa na 15 kati yao. Isaac Riley na familia yake, waliotoroka utumwani wenyewe bila msaada wa King, walikuwa wameshamtangulia wakimsubiri.

Chuki haikusubiri hata wafike. Agosti 1849, mwanasiasa Edwin Larwill aliitisha mkutano wa hadhara katika mji wa Chatham kuupinga mpango mzima. Yeye na wenzake walitaka wahamiaji Weusi watozwe kodi ya kichwa, watoto wao wazuiwe kuingia shule za umma, na haki yao ya kupiga kura itazamwe upya. King alisimama mbele ya umati wenye hasira akajibu, na miongoni mwa Wazungu wachache waliosimama naye alikuwa Archibald McKellar. Larwill alishindwa siku ile, lakini hakuondoka katika siasa. Mwaka 1854 akachaguliwa mbunge wa Kent, kaunti yenye Raleigh na Chatham.

Mwenye kuwatetea waanzilishi huanzia hapa. Kama majirani wanatafuta kisingizio cha kukufukuza, nyumba chafu ni silaha unayowakabidhi mwenyewe. Sharti la kutomuuzia Mzungu kwa miaka kumi liliziba mlango ambao matajiri wangeupitia kununua mashamba mara tu msitu unapokatwa na maji kutolewa, yaani baada ya wengine kuvuja jasho. Hoja hii ina uzito. Hatari ilikuwa na jina na anwani, na kinga ilikuwa na muda wake wa kwisha.

Upande wa pili una uzito wake pia, na sehemu yake kali ilitoka kwa watu Weusi wenyewe. Mary Ann Shadd, aliyeanzisha gazeti la Provincial Freeman mwaka 1853, alipinga vikali shule za kujitenga, na alichukizwa na mashirika yaliyozunguka kuomba sadaka kwa jina la wakimbizi. Kwake, mtu aliyevuka mpaka akawa huru alipaswa kuishi Kanada kama raia mwingine yeyote, si kutengewa pembe yake. Sheria ya shule ya 1850 ilimpa hoja. Iliruhusu shule za Weusi peke yao, kwa maneno mtu angedhani ni fadhila, na Wazungu waliosimamia shule wakaitumia kuwatoa watoto Weusi katika shule zao. Shule ya mwisho ya aina hiyo Ontario, huko Colchester katika kaunti jirani ya Essex, ilifungwa mwaka 1965. Zaidi ya miaka mia moja!

Daktari Mmarekani Samuel Gridley Howe, aliyetumwa mwaka 1863 kuchunguza hali ya wakimbizi, naye aliyatilia shaka makazi ya aina hii kwa jumla. Aliona kuwa yamekula fedha na juhudi nyingi, ilhali wengi waliojitegemea bila usimamizi wamefanikiwa zaidi. Lakini alipofika Buxton aliisifu. Wanaomnukuu huchagua nusu wanayoipenda.

Sasa, Buxton iliponea wapi? Kwa lawama ya kuomba, jibu ni rahisi: King hakugawa chakula wala nguo, na mwenye shamba alilipa. Kwa lawama ya kujitenga, jibu liko shuleni. Shule ya misheni iliyofunguliwa 1850 ilifundisha Kilatini na Kigiriki pamoja na hesabu, na ikawa nzuri kiasi kwamba wakulima Wazungu wa jirani walianza kupeleka watoto wao huko, hadi shule yao ikafungwa. Hebu fikiri: katika wilaya ambayo wanasiasa wake walitaka watoto Weusi wafungiwe milango, ni Wazungu waliogonga mlango wa shule ya Weusi. Alipita hapo Anderson Ruffin Abbott, ambaye mwaka 1861 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada kupata leseni ya udaktari. Alipita James Rapier, aliyekuja kuwa mbunge wa Alabama katika bunge la Marekani.

Hata hivyo, shule peke yake isingenishawishi. Misheni nyingi zimejenga shule nzuri na bado wanafunzi wakabaki chini ya mkono wa misheni. Msomaji wa Mombasa anaijua Freretown, kijiji cha watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, kilichoanzishwa na shirika la wamisionari la CMS miaka ya 1870. Kengele ilikuwepo huko kama Buxton. Tofauti ni kwamba ardhi ya Freretown ilikuwa ya misheni, na aliyekaa juu yake alikaa kwa ruhusa. Mtu wa Buxton alipomaliza kulipa alipata hati, na katika Kanada ya siku zile mwanamume mwenye mali alikuwa na kura.

Kura hiyo ilitumika. Katika uchaguzi wa 1857 wapiga kura wa Buxton walikwenda Chatham wakamchagua McKellar, na Larwill akapoteza kiti. Mwaka 1859 Abraham Shadd, baba yake Mary Ann, alichaguliwa katika baraza la tarafa ya Raleigh, na kuwa mtu Mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa kuchaguliwa katika Kanada Magharibi, jina la Ontario la wakati huo. Binti alipinga kujitenga, na baba akaingia barazani katika tarafa ile ile iliyokuwa na makazi ya Weusi peke yao. Sioni mgongano mkubwa kati yao. Baraza lilikuwa la Raleigh nzima, pamoja na Waayalandi na Waskoti wake.

Kwa hiyo uzio na bustani ya maua, ambavyo watalii huvifurahia, naviona kuwa sehemu dhaifu ya mpango. Vilikuwa adabu ya kuwaridhisha watazamaji. Hati na kura ndizo zilizofanya kazi, na sehemu ya sifa anayopewa King ingefaa iende kwa waliochimba mifereji na kulipa madeni. Hata dini yake hawakuifuata wote. Wengi walibaki Wabatisti na Wamethodisti, wakajenga makanisa yao.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wengi walirudi kusini, na kampuni ya Elgin ikavunjwa mwaka 1873. Wapinzani huutumia uhamaji huo kuwa ushahidi wa kushindwa. Mimi sikubali: mtu anayerudi kutafuta jamaa zake waliouzwa, au kwenda kufundisha waliokombolewa juzi, hajashindwa. Waliobaki wameendelea kulima, na tangu 1924 wazao wao hukusanyika North Buxton kila mwanzo wa Septemba. Shule ya 1861 bado imesimama, na mwaka 1999 mahali hapo palitangazwa kuwa urithi wa taifa.

Lakini tangazo hilo lilikuja mwaka mmoja baada ya Raleigh yenyewe kufutwa. Januari 1998 serikali ya jimbo iliunganisha miji na tarafa zote za kaunti ya Kent kuwa manispaa moja, Chatham-Kent. Watetezi walisema ingepunguza gharama, na huenda kwa barabara na mifereji hesabu hiyo inasimama. Kwa Buxton naihesabu kuwa hasara ambayo jumba la makumbusho halilipi. Hadhi ya urithi inalinda majengo, ila baraza dogo la wakulima ambalo kura za mtaa zilitosha kumwingiza Abraham Shadd halipo tena, na maamuzi ya mashamba yale hufanyika Chatham, katika baraza la manispaa nzima.