GPA ya mwaka wa kwanza ifundishwe mapema

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, mdogo wangu alinipigia simu usiku. "Dada, nina 2.9." Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Kidato cha Sita alipata Divisheni 1 ya pointi 6, na sekondari yote alijua kwamba pointi zikiwa chache ndiyo furaha. Chuoni mambo yamegeuka, pointi nyingi ndizo zinazotafutwa, hadi 5.0, na hakuna aliyekaa naye kumweleza zinavyopatikana.

Hilo linaniuma. Wiki ya kwanza wanazungushwa maktaba, zahanati na ofisi ya mikopo, ila hesabu ya GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote, wanaachiwa wasimuliane wenyewe hosteli.

Na wala si ngumu. Kila kozi ina krediti zake, yaani uzito wake kwenye hesabu. Gredi inageuzwa kuwa pointi. Kwenye chuo chake A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha pointi kwa krediti, jumlisha kozi zote, gawanya kwa jumla ya krediti. Tuseme kozi ya krediti 12 umepata C, ya krediti 8 umepata A. Wengi watachukua 2 na 5, wapate wastani wa 3.5, daraja la pili la juu. Sivyo. Ni 24 na 40, jumla 64, ukigawanya kwa 20 unapata 3.2. Hilo ni daraja la pili la chini. Mdogo wangu alifanya hivyohivyo: alikesha na kozi ndogo aliyoipenda, ile nzito akaishika wiki ya mtihani.

Halafu kuna mipaka ya gredi. Kwao B+ inaanzia 60 hadi 69. Mwenye 60 na mwenye 69 wote wana 4, mwenye 59 ana 3. Alama moja ya lile jaribio ambalo watu husema "nitafidia kwenye UE", yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inaweza kuondoka na pointi nzima.

Wapo wanaowaambia wadogo zao kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. Sikubaliani nao kabisa. Kwa digrii ya miaka mitatu yenye krediti sawa kila mwaka, huo ni theluthi nzima ya GPA ya mwisho.

Usiku ule tulipiga hesabu pamoja kwenye simu. Ili amalize na 3.5, mihula mitano iliyobaki inamtaka wastani wa 3.62, yaani B+ ziwe nyingi kuliko B. Akauliza, "Na nikibaki na 2.9 mpaka mwaka uishe?" Nikamwambia miaka miwili itakayobaki itamdai 3.8. Akanyamaza. Kisha nikasikia karatasi zinafunguliwa, akaanza kunisomea krediti za kozi za muhula wa pili, moja baada ya nyingine.