Jiwe la Bismarck lipumzishwe

Mwandishi wa Mwanza anayejichapishia kitabu mwenyewe, akifika kwenye jalada, mara nyingi wazo la kwanza kumjia ni lile jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, jua linazama nyuma yake na maji yamegeuka rangi ya chungwa. Riwaya ya mapenzi, Bismarck. Kitabu cha ujasiriamali, Bismarck. Hata mashairi ya dini. Silichukii jiwe lenyewe, nalipita kila nikielekea Capri Point, ila lile linautangaza mji. Kitabu chako halikijui.

Msimamo wangu ni huu, na najua rafiki zangu wa grafiki watanuna: kama unajichapishia na mfuko wenyewe ndio huo, tengeneza kava lako mwenyewe, na ulitengeneze kwa herufi tupu. Jina la kitabu, jina lako, rangi mbili. Picha achana nayo.

Angalia kwanza tunauzia wapi. Maduka ya vitabu mjini ni ya kuhesabu, na mengi yanaishi kwa vitabu vya shule na madaftari. Riwaya yako itauzwa kwenye stetasi ya WhatsApp, kwenye magrupu, na kwenye begi lako mwenyewe ukienda vikaoni. Kwenye simu, kava linabaki na ukubwa wa kucha ya dole gumba. Hapo jiwe, jua na ziwa vinakuwa doa moja la chungwa, na jina la kitabu lililoandikwa kwa herufi za mapambo halisomeki hata ukifinya macho.

Nenda Mwaloni pale Kirumba ukaitazame mitumbwi. Sidhani kama fundi aliyeandika yale majina ubavuni alisomea usanifu, lakini kazi yake anaijua. Herufi ni nene, nyeupe juu ya bluu au nyekundu, zimeachiana nafasi, hazina kivuli wala mng'ao. Mtumbwi ukiwa bado majini huko, jina umeshalisoma. Nikipanga kava naiga palepale. Nikimaliza najitumia kwenye simu, naiegemeza simu ukutani, narudi nyuma hatua chache. Kisichosomeka nakifuta, hata kama nilikipenda.

Halafu kuna uchapaji wenyewe, ambao picha huusumbua sana. Kava la mbele la ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, linataka picha yenye pikseli kama 1,750 kwa 2,480 ndipo itoke safi kwenye karatasi, na picha iliyozunguka kwenye magrupu kwa kawaida haifiki huko. Rangi nazo ni mtihani. Simu inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya chapa inatengeneza kwa wino wa aina nne, kwa hiyo ile bluu ya ziwa inayowaka kwenye kioo hutoka imepooza. Na picha ya kuokota intaneti ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na aliyepiga picha anaweza kukutafuta siku kitabu kikianza kutembea. Herufi hazina kesi hiyo ukichukua fonti zilizoachiwa kutumika bure hata kibiashara, kama zile za Google Fonts.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mchapaji hataki kipande cha mbele peke yake. Anataka karatasi moja yenye nyuma, mgongo na mbele. Unene wa mgongo unatokana na idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Chukua kitabu cha kurasa 160: hizo ni karatasi 80, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni kama milimita 8. Jumlisha 148 ya nyuma, 8 ya mgongo na 148 ya mbele, unapata 304. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa na kisu, inakuwa 310 kwa upana na 216 kwa urefu. Mhariri akikupunguzia sura mbili, hesabu yote inabadilika, kwa hiyo mgongo upimwe mwisho kabisa, tena umwulize mchapaji karatasi atakayotumia. Maandishi ya mgongoni yashuke kutoka juu kwenda chini, ili kitabu kikilazwa chali jina lisomeke.

Nyuma, kona ya chini, acha kiboksi cheupe cha msimbo wa mistari (barcode) wenye ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, ambayo kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mistari ya msimbo huo iwe myeusi. Ukiipaka nyekundu ili ifanane na kava, mashine ya dukani haitaiona.

Nasikia hoja kwamba kazi apewe mwenye kazi yake. Sawa, mwenye kazi yake kweli. Tatizo ni yule wa stationari ambaye asubuhi hiyohiyo ana kadi za harusi, fulana za send-off na bango la kampeni. Hajakisoma kitabu chako na hana muda wa kukisoma. Atakuwekea kivuli, fremu ya dhahabu, na jua letu lilelile. Wewe uliyeishi na hao wahusika miaka yote unajua kama rangi yao ni ya kijivu au ya manjano ya embe.

Kitabu cha watoto kiko peke yake. Pale herufi tupu hazitoshi, tafuta mchoraji hata kama ni kwa kuchangisha, na muandikiane mapema kama mchoro utaruhusiwa kwenye toleo la pili, kwenye mabango na kwenye fulana.