Mawe ya Seme na chupa ya mafuta

Mwezi uliopita tulienda mazishi Seme, na wakati wa kurudi vijana wa kanisa wakaomba gari lipite Kit Mikayi wapige picha mbili tatu. Mhubiri tuliyekuwa naye akakataa kushuka. Alisema yeye haingii kwa hekalu la sanamu. Tukamwacha ndani ya matatu, madirisha yamefungwa, jua la saa nane mchana. Kutoka pale hadi Kondele, mtaa wa Kisumu, hatukuzungumza jambo lingine.

Kwa asiyepajua, Kit Mikayi ni miamba mikubwa iliyopandiana, kama kilomita 30 magharibi ya Kisumu, karibu na barabara ya Bondo. Kwa Kijaluo jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe hili hata akawa anashinda huko kutwa, na watu wakimuuliza mkewe mzee yuko wapi, anajibu: ameenda kwa mke wake mkubwa. Hapa ndipo wazee walipofanya matambiko ya kuomba mvua njaa ikizidi, na hapa watu walikula kiapo. Mwaka 2019 UNESCO iliziweka mila za mahali hapa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Papo hapo ni mahali pa maombi kwa Wakristo, hasa wa Legio Maria na makanisa ya Roho, makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, na hao ndio waliomfanya mhubiri wetu akatae kushuka. Mpagani hamsumbui sana. Anayemsumbua ni Mkristo aliyepiga magoti mbele ya jiwe.

Siku ile walikuwa wanawake wanne na mtoto, kanzu nyeupe, viatu wameviacha nje, wameingia kwenye ufa ambapo jua halifiki. Nta ya mishumaa ilikuwa imegandia mwambani tabaka juu ya tabaka, ya juu nyeupe, ya chini imekuwa nyeusi kama dari la jikoni. Mmoja wao alikuwa ameweka chupa ya maji juu ya jiwe. Walipomaliza kuomba aliifunika vizuri, akaitia mkobani, akamshika mtoto mkono wakatoka.

Nianze kwa kumpa mhubiri haki yake, maana wasomi wa mjini hupenda kumcheka mtu wa aina yake. Amri yenyewe haina kona za kujificha: "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Kisha inaendelea kukataza sanamu ya kuchonga na mfano wa chochote kilicho mbinguni, duniani au majini, na kuvisujudia. Kijana mmoja garini alijaribu ujanja: Kit Mikayi haikuchongwa na mtu, kwa hiyo amri haiihusu. Hoja hiyo haifiki mbali. Walawi 26 inataja sanamu, nguzo na jiwe kwa pumzi moja, na Yeremia anawakejeli wanaoliambia gogo "wewe ni baba yangu" na jiwe kwamba ndilo lililowazaa. Agano la Kale linayajua mawe, na linayashuku.

Lakini Biblia hiyohiyo ina Betheli. Yakobo alilala njiani, kichwa juu ya jiwe, akaota ngazi, akaamka kwa hofu akasema hapa ni nyumba ya Mungu. Akalisimamisha lile jiwe kama nguzo, akalimiminia mafuta. Hakuna malaika aliyemkemea. Ukilisoma tukio hilo bila kujua ni la nani, ukaambiwa lilifanyika Seme, ungesema wazi kwamba huo ni ushirikina.

Watetezi wa Kit Mikayi huishia hapo, kwa Yakobo na mafuta yake. Mimi ningewaomba wasiache kusoma, kwa sababu Betheli haikubaki hivyo. Karne nyingi baadaye mfalme Yeroboamu aliogopa watu wake wakipanda kwenda Yerusalemu watamrudia mfalme wa huko, akatengeneza ndama wawili wa dhahabu, akamweka mmoja Dani na mwingine palepale Betheli. Hakuchagua mahali ovyo. Alichagua mahali ambapo watu walikuwa na mazoea ya kumkuta Mungu. Amosi alipokuja kuhubiri, ilibidi awaambie wasimtafute Mungu Betheli. Nyumba ya Mungu ilikuwa imegeuka sababu ya kumkosa.

Nyoka wa shaba naye alipitia njia hiyo. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, watu wakamtazama wakapona. Kufikia siku za Hezekia wana wa Israeli walikuwa wanamfukizia uvumba, na mfalme akampondaponda. Kile kitu hakikubadilika. Kilikuwa shaba ileile. Walichobadilisha watu ni kile walichokuwa wakikitarajia kutoka kwake. Hapo ndipo ninapoiona sanamu ikizaliwa: siku kitu kinapoanza kuombwa, au kinapoanza kuhitajika ili Mungu asikie.

Wakatoliki na Waorthodoksi wana jibu la zamani kwa swali hili. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenga ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima inayopewa picha takatifu na kupita hadi kwa yule aliyechorwa. Kwenye karatasi mpaka huo uko wazi. Mtu akiwa amepiga magoti, mpaka hauonekani kwa macho, na ndiyo maana mhubiri wetu na wale wanawake wanne wangeweza kubishana hadi usiku bila yeyote kudanganya.

Kuna jambo lingine ambalo mahubiri ya kwetu huliruka. Wamisionari walipotafsiri Biblia kwa Kijaluo hawakuleta jina la Mungu ndani ya meli. Walichukua Nyasaye, jina lililokuwa midomoni mwa wazee hawahawa waliokuwa wakiomba mvua miambani, na majirani zao Waluhya nao wanalo. Kama kila ombi la pale Seme lilikuwa la sanamu, basi na jina tunaloimba Jumapili tulilitoa mdomoni mwa waabudu sanamu. Sijasikia mhubiri akitaka tulirudishe.

Hata hivyo sitaki kufanya mambo yawe mepesi kwa upande wa pili. Ukisema "sisi tunaenda kuomba tu, jiwe ni mahali pa utulivu," itabidi unieleze ile chupa ya maji. Utulivu haubebwi mkobani. Na matambiko ya mahali hapa, yaleyale UNESCO inataka yasipotee, yanamtaka mtu asimame mbele ya mwamba fulani kwa sababu ndio huo na si mwingine. Mkristo anayeomba pale anaomba juu ya historia hiyo, apende asipende. Yesu alipoulizwa na mwanamke Msamaria ni mlima upi wa kuabudia, wake au Yerusalemu, hakuchagua mlima. Alisema saa inakuja ambapo hautakuwa huo wala huo. Jibu hilo linamgusa anayeshikilia Kit Mikayi, na linamgusa vilevile anayedhani Mungu hashuki Kit Mikayi.

Katika Yoshua 22 kuna kisa ambacho sijawahi kukisikia kikihubiriwa kwenye krusedi. Makabila ya mashariki ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Ndugu zao wa ng'ambo wakaona ni uasi, wakakusanyika kwenda vitani. Ila kabla ya vita walimtuma Finehasi kuhani na wakuu kumi waende wakaulize. Wakajibiwa kwamba madhabahu ile si ya kuchomea sadaka, ni ushahidi tu, ili siku moja watoto wa ng'ambo wasije wakawaambia watoto wao kwamba hawana fungu kwa Bwana. Finehasi akaridhika, vita vikaisha kabla ya kuanza. Mhubiri wetu hakushuka garini hata kuuliza. Hilo ndilo kosa lake ninaloliona, kuliko msimamo wenyewe.

Tulipofika Kondele nilimuuliza, kwa adabu, kuhusu mafuta. Kanisani kwetu mafuta ya upako huuzwa mlangoni kwa chupa ndogo, na kuna maji yaliyoombewa, leso, na kibandiko cha kuweka kwenye gari lisipate ajali. Alijibu kwa Matendo 19, leso zilizotoka mwilini mwa Paulo na wagonjwa wakapona. Jibu zuri. Ila Paulo hakuwa na bei, na nilipomkumbusha kwamba hata nyoka wa shaba alianza kwa neno la Mungu, akasema tutaendelea siku nyingine, mkewe anamsubiri.

Shangazi yangu ni mshirika mwaminifu wa kanisa hilohilo. Kit Mikayi hajawahi kukanyaga, na hatakanyaga. Kila jioni anapaka mafuta kwenye miimo ya mlango, kidole kimoja, juu na pande mbili, na ukutani yameacha alama ya rangi ya chai. Majuzi alisafiri kwenda Nakuru kumwona bintiye aliyejifungua. Gari lilipofika Ahero akapekua mkoba, akakuta ameiacha chupa mezani. Alimwomba kondakta amshushe. Kondakta alikataa kurudisha nauli, na shangazi hakubishana naye. Akavuka barabara na kifurushi chake cha nguo za mtoto, akapanda gari la kurudi Kisumu.