Naitwa Barnabas kwenye nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe

Jamani nyie wenzangu mnaobeba boksi usiku, mie hapa Portland, Maine, nimeshanyang'anywa jina. Kazini naitwa Barnabas, nyumbani naitwa Barnabas, na jana mama mkwe kapiga video kutoka Tanga, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri kauliza, "Baba Zawadi, ati siku hizi unalala kwenye jeneza?" Mama mkwe! Mtu niliyemtolea mahari taslimu bila kuacha deni!

Balaa lilianzia kazini. Nalea wazee, zamu ya saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, na kuna watatu pale usingizi umewakimbia kabisa, wanakaa sebuleni na chai yao wanaangalia tamthilia ya zamani inaitwa Dark Shadows, ilirushwa Marekani hukuhuku kwenye ABC kuanzia 1966 mpaka 1971. Ni habari za ukoo wa Collins, matajiri wenye jumba lao Collinwood kwenye mji wa Collinsport, na Collinsport ati iko Maine, ila ni mji wa kutunga, msije mkaniambia niwapeleke. Kuna mzuka, kuna mchawi, kuna jamaa anayegeuka mbwa mwitu, na kuna huyo Barnabas, mnyonya damu. Bibi wa chumba cha mwisho anasema alipokuwa binti shule ikitoka tu alikuwa anakimbia mbio asikose kipindi cha saa kumi jioni. Leo kunyanyuka kwenye kiti mpaka tumshike watu wawili, ila Barnabas akitokea kwenye skrini bibi ananyanyuka mwenyewe.

Kosa langu ni kwenda kumsimulia mke wangu. Nikasimulia kama mtu anavyosimulia, tucheke yaishe. Wiki haijaisha naye kaitafuta, kaipata, kakaa. Na tamthilia yenyewe ina sehemu 1,225. Sijakosea kuandika, elfu moja mia mbili ishirini na tano, kila moja dakika ishirini na kitu, nimepiga hesabu nikiwa kazini, ni zamu hamsini na ushee za saa nane bila kwenda chooni. Wali unaungua, maharage yanaungua, ukiuliza unaambiwa shhh, anafungua jeneza.

Sasa ngoja niwaambie kinachoniuma. Mie wananiita Barnabas kwa sababu nalala mchana, nimeweka pazia zito jeusi dirishani, na majirani hawajawahi kuniona juani. Sawa. Basi na mie nitendewe kama Barnabas!

Huyu bwana amefungiwa kwenye jeneza lenye minyororo tangu mwisho wa karne ya 18. Mwezi wa nne 1967 anakuja mhuni mmoja, Willie Loomis, anavunja minyororo akidhani ndani kuna vito, kumbe ndani kuna mwenyewe. Haya, usiku jamaa anabisha hodi Collinwood, anasema mie binamu yenu kutoka Uingereza. Kwisha! Hakuna aliyeomba pasipoti, hakuna aliyesema lete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ukutani, hapohapo karibu na mlango, kuna picha kubwa ya Barnabas Collins wa zamani, sura ileile, pete ileile ya jiwe jeusi, bakora ileile yenye kichwa cha mbwa mwitu cha fedha, na wenye nyumba wanamwangalia mgeni, wanaiangalia picha, wanasema heh, kweli umefanana na babu yako. Wakampa nyumba nzima akae! Ile nyumba ya zamani ya ukoo, haina umeme, anawasha mishumaa chumba kizima, na mtu wa kumfanyia kazi anaye, Willie huyohuyo.

Mie kupata vyumba viwili hapa Portland nimedaiwa dipoziti, nimedaiwa karatasi za mshahara za miezi mitatu, nikaambiwa historia yako ya mikopo ni fupi. Ya Barnabas ina miaka 170 yote kalala, mbona hakuna aliyeiuliza?

Halafu daktari anamfuata nyumbani! Daktari Julia Hoffman, kope za bandia ndefu mpaka unahisi upepo, anagundua jamaa ni mnyonya damu na badala ya kukimbia anaanza kumtibu, sindano juu ya sindano, tena moyoni ameshampenda. Mie jino linaniuma tangu mwezi wa kumi na moja, miadi nimepewa mwezi wa tatu.

Kwetu Tanga likivuma tu neno mumiani, saa kumi na mbili mtaa mzima umefunga milango. Hawa wanamkaribisha kinywaji pale sebuleni.

Nikirudi kwenye mavazi, maana hapo ndipo mke wangu amenishinda kabisa. Barnabas anavaa koti refu ambalo mabegani limeshonewa koti jingine fupi, yani makoti mawili mtu mmoja, na nywele kazilaza mbele kwenye paji la uso zimechongoka kama meno ya kitana. Mke wangu anasema huyo ndiye mwanaume anayejua kuvaa. Nikamwambia mama Zawadi, huyo mtu ana koti moja tu. Akasema na wewe je?

Wale bibi zangu nao wana mambo yao. Akiingia Elizabeth, mama mwenye Collinwood, aliyeigizwa na Joan Bennett nyota wa sinema za zamani, wanaanza kumkagua kuanzia nywele mpaka viatu. Mwanzoni mama huyo hajatoka nje miaka 18, anaamini amemuua mumewe na amezikwa chini ya nyumba, kwa hiyo hatoki. Bibi mmoja anauliza kila usiku, swali lilelile, sasa nywele anatengenezwa na nani? Miaka 18, na gauni jipya kila siku! Jibu lilikuwa linapita mwishoni kwenye majina, nguo zilitoka duka la Ohrbach's. Bibi akasema hata mie Ohrbach's wakiniletea mlangoni sitoki.

Lakini kiboko ni wigi. Kuna mchawi anaitwa Angelique, nywele za dhahabu, macho kama taa za gari, ndiye aliyemlaani Barnabas huko nyuma kwenye 1795. Mwaka 1968 anarudi Collinwood ameolewa na Roger, kaka yake Elizabeth, anajiita Cassandra, na alichobadilisha ni wigi tu, kaweka jeusi. Macho yaleyale, sauti ileile. Barnabas kamjua papo hapo, ila Roger yuko kwenye fungate na mchawi hana habari. Nikacheka mpaka nikakohoa, nikasema wanaume gani hawa, wigi tu. Mke wangu akanyamaza, akanitazama, akasema, "Baba Zawadi, nilipoweka rasta nyekundu ulinipita dukani ukaniambia samahani dada."

Basi nikanyamaza na mie.

Ila niseme ukweli, kuna kitu kwenye hiyo tamthilia kinanifurahisha. Walikuwa wanarekodi New York kwa mkupuo, na kuikata mikanda ya siku hizo ilikuwa gharama, kwa hiyo makosa yanabaki. Kivuli cha maiki kinapita ukutani kama mzuka wa ziada. Kaburi likiguswa linatikisika. Nzi anatua usoni kwa mtu katikati ya laana. Na Jonathan Frid, Mkanada mmoja aliyemwigiza Barnabas, maneno yakimtoka kichwani macho yanaenda pembeni kutafuta yalikoandikwa, na bibi zangu wote watatu kwa pamoja, "Anasoma! Anasoma!" wanapiga makofi. Mie nikisahau kujaza fomu moja ya usiku hakuna anayenipigia makofi.

Na kuna blanketi. Limefumwa kroshia, viraka vya rangi rangi, kila kiraka kimezungushiwa nyuzi nyeusi. Leo liko nyumba hii, kesho liko nyumba nyingine, watu wasiojuana kabisa na blanketi ni moja. Bibi wa chumba cha mwisho amefanya kazi ya kulihesabu, kila likitokea anachora mstari kwenye daftari.

Sasa juzi theluji imeanguka, koti langu zipu imekufa, nikapita duka la mitumba nikakuta koti refu jeusi la sufu, dola kumi na tano, nikachukua bila kuangalia sana. Nimefika kazini saa tano usiku nimeshika mwavuli, nimefunikwa theluji, nafungua mlango wa sebule, bibi akageuka. Kimyaa. Halafu akasema, "Binamu kutoka Uingereza!" na kashusha kola ya gauni lake la kulalia upande mmoja, shingo hiyo, ananisubiri. Hapo ndipo jina lilipokamata rasmi. Nesi mkuu mwenyewe siku hizi kwenye ratiba kaniandika B.

Nikarudi nyumbani nimevaa hilohilo koti, mama Zawadi alipofungua mlango hakucheka. Alinigeuza, akaninyoosha mabega, akasema geuka tena. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kugeuzwa mara mbili. Nikaenda kulala nimevimba kichwa.

Nimeamka leo giza, mwezi wa kumi na mbili huku saa kumi jioni jua limeshakwenda zake, naona joto zuri ajabu, napapasa, mikono inashika nyuzi. Viraka. Nyekundu, njano, kijani, kila kimoja kimezungushiwa nyeusi. Kumbe zile sufu alizoniagiza mwezi uliopita akasema ni za sweta la mtoto. Nimelala hapo nalitazama dari, na nje ya mlango namsikia Zawadi anagonga taratibu.

"Baba, jua limezama. Mama anasema sasa unaweza kutoka."