Mgeni Asiyeonekana Hamamuni

Ingres, mchoraji Mfaransa, alipouchora mchoro wake wa hamamu ya Kituruki aliandika juu yake umri wake: miaka 82. Ilikuwa 1862. Turubai imejaa wanawake uchi, wamelaliana kama maembe kapuni. Uturuki kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Alichokuwa nacho ni daftari, alimonakili barua ya Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyeingia hamamu ya wanawake mjini Sofia mwaka 1717, enzi za Waosmani, watawala wa Kituruki.

Uchi si uzushi. Bibi huyo anausimulia. Ila anasema pia hakuona hata tabasamu moja la ashiki. Walikunywa kahawa, wakasukwa nywele, wakapeana habari za mji. Walipomsihi avue, alifungua shati akawaonesha koseti, lile vazi gumu la kukaza kiuno. Wakamwacha. Waliamini mumewe ndiye aliyemfungia humo, na kulifungua mwenyewe hawezi! Kila nikisoma hapo nacheka. Hao tunaoambiwa ni mateka wanamhurumia mke wa balozi. Sasa mtafute mgeni huyo kwenye turubai ya Ingres, na mavazi yake ya safari. Hayumo. Angekuwamo, mtazamaji wa Paris angejiuliza ni nani hasa aliyefungwa.

Neno haremu, yaani makao ya wanawake wa nyumba, halipaswi kututatiza sisi: ni shina moja na haramu na maharimu, mahali pasipoingiwa ovyo. Mwanamume wa Ulaya alizuiwa mlangoni, basi akabuni ya ndani. Odalık, kwa Kituruki mtumishi wa chumbani, akageuzwa mrembo wa kulala kutwa. Wakati huko Topkapı, ikulu ya masultani mjini Istanbul, mama wa sultani alikuwa na mshahara wake, watu wake na sauti serikalini. Sultani Murad IV alitawazwa 1623 akiwa na miaka 11. Aliyeendesha dola ni mama yake, Kösem.

Wanaoishutumu haremu nao wana hoja, tena nzito. Wengi wa wanawake wa ikulu walinunuliwa au kutekwa, na walinzi wao wakuu walikuwa matowashi wa Kiafrika, waliohasiwa wangali watoto. Hata Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka Unguja 1866, hakulikwepa jambo hili vizuri. Kitabu chake cha 1886 kinawasahihisha Wazungu kuhusu maisha ya ndani, naye alizaliwa na suria Mcherkesi, wa watu wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa utotoni. Humo humo anautetea utumwa.

Lakini Ingres hakuwa akiulalamikia utumwa. Alikuwa akiupamba.

Na mwanamke aliyeingia alikuwapo. Mwaka 1861 mchoraji Henriette Browne, aliyefika Istanbul, alionesha Paris michoro ya haremu aliyoiona: wanawake wamevaa nguo zao, wanapokea wageni, na mtoto yumo kati yao. Leo ukienda Louvre, jumba la makumbusho la Paris, hamamu utakayooneshwa ni ya Ingres.