Mwalimu Aachiwe Atafiti Shule Yake Mwenyewe

Saa kumi na moja alfajiri ya majira ya baridi hapa Minnesota huwa ni saa nane mchana Kakamega, magharibi mwa Kenya, na hiyo ndiyo saa ambayo kaka yangu hunipigia simu akiwa katika chumba cha walimu, baada ya chakula, kabla kengele ya kipindi cha mchana haijalia. Mimi huwa nimeshakaa kwenye meza ya jikoni muda wa saa nzima nikiandika. Sote wawili ni walimu, sote tunasomea shahada ya uzamivu katika uongozi wa elimu huku tukiendelea na kazi, na tulianza mwaka mmoja: yeye katika chuo kikuu cha umma huko nyumbani, mimi katika chuo cha Marekani kinachofundisha mtandaoni. Mwezi ujao nitatetea tasnifu yangu. Yeye bado anangoja sura ya kwanza irudishwe.

Nikiwasimulia watu wa nyumbani, hunijibu upesi kwamba Marekani kuna intaneti ya kasi na umeme haupotei. Ni kweli, lakini sioni kwamba hiyo ndiyo sababu. Kaka yangu ananunua bando, ana kipakatalishi, na maktaba ya mtandaoni ya chuo chake ina majarida mengi ninayoyasoma mimi. Akili vilevile siyo sababu, kwa maana ni yeye aliyenifundisha hesabu za aljebra nilipokuwa nimekata tamaa nazo. Tofauti ninayoiona ni kwamba chuo changu kiliniuliza ni jambo gani linalonisumbua kazini, kisha kikanitaka nilitafiti jambo hilohilo mahali hapohapo, ilhali chake kilimwambia aliweke kando.

Shahada ninayosomea, Daktari wa Elimu, ina takriban miaka 100. Harvard, iliyofungua kitivo chake cha elimu mwaka 1920, ndiyo iliyotangulia kuitoa hapa Marekani, na kwa miongo mingi shahada hiyo ilihesabiwa kuwa uzamivu wa daraja la pili, kwa sababu ilifanana na ile ya Daktari wa Falsafa karibu kwa kila kitu isipokuwa jina. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani viliungana katika mradi unaoitwa Carnegie, vikaanza kuifafanua upya kuwa shahada ya mtu aliye kazini, ambayo tasnifu yake huanzia kwenye tatizo halisi la mahali anapohudumu.

Kwangu tatizo hilo lilikuwa viti vitupu. Mimi ni mratibu wa elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, na sheria ya shirikisho, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1975, inataka mzazi ashirikishwe katika kikao kinachopanga masomo ya mtoto wa namna hiyo. Shuleni kwetu wazazi wengi wa Kisomali, na baadhi ya wenzetu kutoka Kenya na Kongo, hawakuwa wakija, na walimu walikuwa wameshaamua kwamba wazazi hao hawajali. Mimi nililelewa na mama aliyeuza omena sokoni ili tusifukuzwe shule kwa sababu ya karo, kwa hiyo sikuweza kulikubali neno hilo bila kulichunguza. Niliichukua barua ya mwaliko tuliyokuwa tukiituma kila mara, nikaisoma polepole mbele ya mama mmoja, mkalimani akiwa ameketi kati yetu. Sentensi ya kwanza ilitaja kifungu cha sheria. Mkalimani alinyamaza, akaniomba niirudie, akaieleza kwa kadiri alivyoweza, na yule mama akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu amefanya kosa gani?" Alikuwa ameipokea barua ile mara tatu akidhani ni wito wa polisi au wa adhabu.

Barua bado inatumwa, maana sheria inaidai, lakini sasa hutanguliwa na simu ya jioni, kwa Kisomali au kwa Kiswahili, inayoanza kwa kumjulia mzazi hali. Tulijaribu hivyo kwa wiki sita, tukahesabu waliokuja, tukagundua kwamba wengine walikuwa wametoka zamu ya usiku na vikao vyetu vya saa mbili asubuhi viliwakuta usingizini, tukabadilisha saa, tukahesabu tena. Hiyo ndiyo tasnifu yangu. Yote niliyoyasoma kuhusu uongozi yalipimwa pale, mbele ya watoto ninaowajua kwa majina.

Sasa mtazame kaka yangu. Yeye ni naibu wa mkuu wa shule ya kutwa karibu na Mumias, mahali ambapo mvulana wa miaka 15 anaweza kuondoka darasani Ijumaa na Jumatatu ukamkuta stejini na bodaboda ya mtu mwingine, au shambani akikata miwa. Kwa muda mrefu ameweka daftari kubwa lenye jalada gumu ambamo huandika jina la kila mvulana aliyeacha masomo, siku aliyoonekana mara ya mwisho, na kazi aliyokutwa akiifanya. Alipolipeleka wazo hilo chuoni, aliambiwa kwamba shule moja ni sampuli ndogo mno na kwamba hawezi kuwa huru akitafiti mahali anapofanya kazi. Akapewa mwelekeo wa mada nyingine: athari za mitindo ya uongozi ya walimu wakuu kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari.

Yeyote aliyepita kwenye rafu za tasnifu za elimu katika vyuo vyetu anaijua mada hiyo, kwa kuwa imeandikwa kaunti baada ya kaunti. Mwalimu hutumia likizo ya Aprili kupanda matatu kutoka shule moja hadi nyingine akigawa hojaji, na mkuu wa shule huulizwa kama huwashirikisha walimu katika maamuzi. Ni mkuu gani atakayejiandikia kwamba hawashirikishi? Wakati huohuo wavulana wa Mumias wanaendelea kuondoka, na mtu anayejua mengi zaidi juu yao amekatazwa kuyaandika.

Hofu ya upendeleo ina msingi, na sitaki kuipuuza. Kamati ya maadili ya chuo changu ilinibana kwa swali hilohilo, kwa sababu mtafiti aliye na cheo anaweza kuwashinikiza walio chini yake bila hata kukusudia. Jibu lililopatikana lilikuwa utaratibu: mtu mwingine aliomba ridhaa ya wazazi, nami sikujua nani alikataa.

Kuhusu muda nitasema kwa ufupi, ingawa unaniuma. Mwongozo wa chuo changu unampa msimamizi siku 10 za kazi kurudisha sura, na kwa sehemu kubwa siku hizo zimeheshimiwa. Nakala ya kaka yangu ilipigwa muhuri wa kupokelewa mwezi wa Februari mwaka juzi. Kila likizo huenda kubisha mlango wa ofisi ileile, akiwa amevaa koti lake la heshima.

Hata hivyo nyumbani kuna mambo ninayoyatamani kwa dhati. Wanafunzi wenzangu nimewaona kwenye skrini tu, na usiku nilipotaka kuacha masomo sikuwa na wa kumgongea mlango. Kaka yangu hukutana na wenzake kila Agosti, hula nao ugali, hubishana nao hadi usiku, na hao ndio watakaokuwa wakuu wa shule jirani kwa miaka 20 ijayo. Halafu kuna gharama: mimi nitalipa mkopo kwa muda mrefu, ingawa wilaya nyingi za shule hapa zina ngazi ya mshahara kwa mwenye uzamivu, tofauti na Kenya, ambako kupanda hadi madaraja ya usimamizi hutegemea nafasi zilizotangazwa na usaili wa TSC, tume inayoajiri walimu. Kwa hiyo simshauri mwalimu wa Kakamega au Kisumu akimbilie chuo cha ng'ambo kwa sababu tu kinafundisha mtandaoni. Viko vyuo visivyo na ithibati, na pesa ikishalipwa hairudi.

Ninachokiomba kwa vyuo vyetu vya magharibi mwa Kenya ni kwamba mwalimu aliye kazini aruhusiwe kuileta shule yake kama swali la utafiti, na msimamizi wake apewe tarehe. Kaka yangu ameandika upya pendekezo lake la kwanza, safari hii likiwa na utaratibu wa ridhaa niliomtumia, naye atalipeleka Aprili pamoja na lile daftari. Juzi tulipozungumza alikuwa amelifungua mezani. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, akataja jina la mvulana mwingine, kisha kengele ikalia.